Rupia ya Babu na Sheria ya Jumamosi

S.L.P. 61,
Suna – Migori.
6 Novemba 1994

Mpendwa ndugu yangu Levis,

Kabla ya neno lingine lolote, pokea salamu za nyumba hii yote. Sisi huku ni wazima. Mvua imekuja, mahindi ya pili yameshika vizuri, na Kezia wangu bado anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni ingawa goti linamsumbua asubuhi. Habari zako wewe? Ule mguu uliokuwa ukivimba ukisimama sana kazini umepata nafuu? Na shemeji Joyline, bado anakukataza chumvi? Mwambie ninamuunga mkono, kwa maana wewe tangu utoto hukuwahi kujua kiasi.

Naandika Kiswahili kama kawaida yetu, kwa sababu Kijaluo chako, mzaliwa wa Changamwe, kiliishia kwenye salamu ya "amosi" na kucheka. Mimi nami Kiswahili changu ni cha Migori. Usinisahihishe mbele ya watoto.

Barua yako niliipata katikati ya mwezi wa kumi. Nimeisoma mara nyingi. Nimechelewa kuijibu, na sitasingizia kazi, maana kazi yenyewe haipo. Nimechelewa kwa aibu.

Kwanza nifurahi pamoja nawe. Cliff kupata kazi Dubai si jambo dogo. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa akilia kwa kunyimwa muwa, na sasa anapanda ndege. Umesema mtakuja naye wakati wa Krismasi aage makaburi ya wazee, na umeniomba niiandae ile rupia ya babu ili aende nayo. Umenikumbusha maneno ya marehemu baba yako, kwamba anayeibeba rupia ile lazima arudi nyumbani, kama babu mwenyewe alivyorudi kutoka vita vya Mjerumani, alikobebeshwa mizigo hadi mabega yakaota sugu.

Sijayasahau maneno hayo. Wala sijasahau siku ya kumzika baba yako, mwaka wa themanini na sita, uliponiwekea rupia ile mkononi ukasema Mombasa kuna wezi wengi na mimi ndiye fundi wa vitu vidogo. Ulinipa niitunze. Hukunipa iwe yangu.

Sasa kaa vizuri, ndugu yangu. Rupia ile niliitoa. Nilimpa mtu mwaka jana bila kukuuliza. Nitakueleza yote, na ukimaliza kusoma unikasirikie kadiri unavyoona inafaa.

Unaujua ugonjwa wangu wa sarafu. Ulikuwa ukinicheka kwamba ninanunua pesa zilizokufa kwa pesa zilizo hai. Ulianzia pale pale kwenye meza yangu ya saa, barazani kwa Sharif, kwa sababu kioo cha jichoni kinachoona meno ya saa kinaona pia mwaka uliofutika kwenye senti. Tukawa watatu. Kulikuwa na mimi, na Sharif mwenye duka, aliyependa vipande vya shaba vya masultani wa Unguja, na Mwalimu Gichana wa Rodi Kopany. Huyo ni Mkisii aliyekuja kufundisha huko, akamwoa Marcella, binti wa huko huko, akakaa. Kila Jumamosi Mwalimu alikuja na kopo lake la kakao. Tulimwaga sarafu mezani, tukauziana, tukabadilishana, tukagombana juu ya herufi ndogo kama chawa. Ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeugua ugonjwa huo.

Tulikuwa na sheria moja tu, nayo tuliiita Kwanza Nyumbani. Ukitaka kuuza kipande ulichokipata kwa mwenzako, hukipeleki kwa mtu wa nje. Unakirudisha kwanza kwa yule yule aliyekupa, na yeye anakichukua kwa bei ile ile aliyokuuzia, si senti juu, si senti chini. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyeivunja. Hata Sharif, ambaye kwenye sukari na mafuta ya taa hana msamaha, kwenye sheria ile alikuwa mnyofu kama uzi wa fundi.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na tatu. Wewe mwenyewe unaujua, huko Mombasa haukupita kando. Unga ulipanda, sukari ikapanda, shilingi ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Zikaingia saa za plastiki za bei rahisi, ambazo zikiharibika zinatupwa. Nilikaa mezani na vyombo vyangu kuanzia asubuhi hadi jioni, nikitazama mikono ya wapita njia.

Na kwenye sarafu mambo yalipinduka kabisa. Zamani mimi ndiye niliyezunguka vijijini nikibembeleza watu wanifungulie masanduku. Mwaka ule wao ndio walionitafuta. Walikuja kutoka Kehancha na Isebania, kina mama wa Kikuria wakiwa na senti za shimo zilizotungwa kwenye uzi, vitu vya bibi zao, wakisema wamesikia kuna mtu Migori ananunua. Mzee mmoja alileta shilingi za mfalme ndani ya soksi. Wauzaji walikuwa kumi kwa siku na mnunuzi hakuna. Ndipo nilipojifunza kwamba mtu mwenye shida hauzi takataka zake, kwa kuwa takataka hazina mteja. Anauza kile anachokipenda, anabaki na kile ambacho hata yeye hakitaki.

Sharif alijitoa mapema. Alifunga vipande vyake kwenye kitambaa akavitia ndani ya sanduku la chuma. "Bwana Nicodemus," aliniambia, "mchezo wa kununua pesa kwa pesa umekwisha. Sasa pesa ni ya kununua unga." Yule mnunuzi wa Nairobi, aliyekuwa akitujia kununua sarafu, naye alibadilika. Miaka yote alipokuja alitoa kioo, akakigeuza kipande, akauliza kilitoka wapi. Mwaka ule alitoa mizani ndogo. Hakutaka kujua mwaka wala hadithi, alipima fedha kama anayepima dagaa.

Mwezi wa pili, Jumamosi, Mwalimu Gichana alikuja bila kopo lake. Alikuwa na kitu kimoja tu kwenye karatasi ya daftari. Ilikuwa florini, sarafu ya fedha ya mwaka wa ishirini, kipande kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, ambacho nilimuuzia mimi mwenyewe kwa mia nne baada ya yeye kunibembeleza miezi sita. Aliiweka mezani. "Nicodemus, nimeamua kupunguza kopo," akasema. "Kwanza nyumbani."

Levis, mfukoni nilikuwa na mia nne na zaidi. Nilikuwa nimetoka kulipwa kwa kutengeneza saa ya ukutani ya kanisa. Nilipaswa kuzitoa tu. Lakini mwezi mzima nilikuwa nimeshinda na watu wanaouza kwa bei yoyote, nikawa nimejiona mjanja, mtu anayelijua soko. Nikamwambia mwalimu wangu, rafiki wa miaka yote hiyo, maneno niliyokuwa nikiwaambia watu wa soksi na uzi. "Mwalimu, bei imeanguka. Siku hizi hii ni mia na hamsini."

Alinitazama. Nilidhani atagombana nami, na ningefurahi kugombana. Hakusema habari ya sheria. Alisema, "Ni sawa tu. Leta hiyo." Akahesabu, akakunja, akakataa chai, akaondoka. Nami, nakuambia ukweli wote, nilibaki nikiitazama florini yangu nikisikia raha.

Jioni nilimsimulia Kezia nikitarajia sifa. Aliacha kupepeta. "Yawa, Nico," alisema, "rafiki yako umempigia bei kama mtu wa mitumba? Hukumuuliza hata hela ni ya nini?" Nikamjibu kwamba mambo ya sarafu hayajui. Yeye hajui sarafu, kweli, lakini watu anawajua.

Wiki tatu baadaye Sharif alikwenda Homa Bay kwa shughuli zake, akarudi na habari. Alikuwa amemkuta Mwalimu kwenye hospitali moja ndogo upande ule. Marcella alikuwa amelazwa na uvimbe tumboni, na ndiyo kwanza alikuwa amepasuliwa. Kabla ya hapo alingoja wiki mbili, kwa sababu hela ya kutanguliza ilipungua. Mwalimu aliijazia kwa kuuza baiskeli yake. Baada ya kuiuza akawa anatembea kwa miguu kutoka Rodi hadi Homa Bay kumpelekea mkewe uji, na kurudi. Nilipopiga hesabu, ile hela iliyopungua haikuwa mbali na mia mbili na hamsini.

Nimeishi na hesabu hiyo tangu siku ile. Wiki mbili mama wa watu alilala na maumivu huku hela yake iko mfukoni mwangu, nami nikijisifu. Kwa nini hakusema? Kezia anasema mtu mwenye haki haombi, anadai, na Mwalimu alikuja na haki yake mkononi. Mimi nilitaka aje akiwa ameinama ndipo nimwone.

Marcella alipona, Mungu ashukuriwe, na leo analima. Lakini Mwalimu hakukanyaga tena Migori. Kila Jumamosi kiti chake kilikaa kitupu. Nilitaka kwenda Rodi, lakini mkono mtupu haulambwi. Nikangoja mnunuzi wa Nairobi nimuuzie florini, nimpelekee Mwalimu haki yake yote. Mnunuzi alikuja, akaitupa kwenye mizani, akaniambia, bila hata kunitazama, kwamba bei imeanguka, mzee. Alinipa mia na thelathini. Siku hiyo mwanangu alikuwa amefukuzwa shule kwa karo, na hela ile haikulala nyumbani.

Ndipo mwezi wa tisa nilipofungua mkebe wangu kutafuta kitu cha kumpelekea. Mlikuwa na takataka tupu, vile ambavyo hakuna aliyevitaka. Na chini yake, ndani ya kitambaa, rupia ya babu. Yule wa Nairobi aliwahi kuiona akasema ina kidonda, haifai, kwa ajili ya ile alama ya kisu aliyoitia babu ukingoni asiibiwe kambini. Kwa soko haikuwa na thamani. Kwangu ilikuwa kitu pekee kilichobaki chenye uzito. Nilijua si yangu, ndugu yangu. Nilijua kabisa, na nikaichukua.

Nilikwenda Rodi. Mwalimu alinikaribisha kama mgeni, yaani vizuri mno. Nilisema makosa yangu yote mbele ya mkewe, nikaiweka rupia mezani, nikamwambia sina haki yake, nina hii. Mwalimu aliigusa kwa kidole, akaiacha pale. Kisha Marcella akanyoosha mkono akaichukua. "Sawa, ndugu yetu," akasema. "Tumepokea, ili na wewe ulale." Nilipoaga, wote wawili walinisindikiza hadi barabarani, Marcella akiwa amenifungia njugu kwenye gazeti, na tulisimama pale tukizungumza mpaka gari la tatu. Unakumbuka desturi yetu huku. Mgeni unayempenda humwachi mlangoni. Nilirudi nyumbani nimepona.

Mwalimu alianza kuja tena, si kila Jumamosi, lakini alikuja. Kopo lilikuwa limebaki na vipande vichache, na tulivitazama kama watu wanaotazama picha za zamani. Hatukuuziana kitu. Ulikuwa mwaka mzuri kuliko nilivyostahili.

Kisha ikafika barua yako.

Nilikaa nayo siku nne. Ningeweza kukuandikia ukweli siku ile ile, ukanikasirikia, yakaisha. Badala yake niliogopa. Nilikuona umesimama hapa na kijana wako, umenyoosha mkono, nami sina cha kuweka. Na niliwaza Cliff akienda nchi ya watu bila rupia, kisha litokee lolote, nani atalaumiwa? Basi siku ya tano nilivaa koti nikaenda Rodi kuiomba.

Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na mimi nimepata wajukuu wawili. Kosa la kwanza lilikuwa la mia mbili na hamsini. La pili ni hili la kwenda kwa mtu niliyemwomba msamaha, kumwomba anirudishie kile nilichompa nikiomba msamaha.

Nilijikanyaga sana. Nilisema ni mali ya ukoo, ni ya ndugu yangu wa Mombasa, kijana anasafiri, nitaleta kitu kingine. Marcella alikuwa akichambua maharagwe. Mwalimu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kile kile. Nilimuuliza nimpe nini. Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mwalimu mbele ya mwanafunzi ambaye ameshamzoea. "Nicodemus, si tuko na sheria? Kwanza nyumbani, kwa bei ile ile uliyotoa. Ulinipa bure. Chukua bure." Akaiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole kimoja kimoja.

Ningependa angenitoza, Levis. Angesema elfu moja ningekopa kwa Sharif nikalipa nikicheka. Lakini aliishika sheria palepale nilipoivunja, na alipoirudisha rupia nilisikia kana kwamba ameirudisha na ile toba yangu, tukawa kama siku ile ya mwezi wa pili, sina nilichowahi kumpa. Au labda alinipa kwa wema tu, kama alivyo. Nimelala na swali hilo zaidi ya wiki mbili.

Nina kitu kimoja tu ninachokijua. Niliaga, wakanijibu vizuri. Marcella aliendelea kuchambua maharagwe. Mwalimu alisimama mlangoni. Nilitembea peke yangu hadi barabarani, nikageuka mara mbili, hakuna aliyenifuata. Tangu siku hiyo kiti chake ni kitupu tena.

Basi rupia ipo. Iko hapa mezani nikiandika, na ile kofia ya mfalme wa Wajerumani yenye ndege, na kidonda cha babu. Haitapotea tena. Lakini siwezi kuifunga kwenye karatasi ya zawadi nimpe Cliff kana kwamba haikutembea popote. Inatoka kwa mtu wa Rodi aliyeitoa bure, mtu niliyemhesabia senti. Kijana ajue hivyo.

Nakuomba jambo moja, na si dogo. Mkija, msije moja kwa moja hadi Migori. Shukeni Rongo, nitakuwa nawangoja hapo, twende wote watatu Rodi. Kezia anaweka hela kidogo kidogo kutoka kwenye omena. Ameshafikisha mia na sabini, na kufikia Krismasi mia mbili na hamsini itatimia. Najua si hela ya maana tena, lakini ni haki yake na nitaiweka mezani. Kisha wewe, mwenye mali, umrudishie Mwalimu rupia kwa mkono wako. Akitaka kubaki nayo, ibaki, na Cliff aende na baraka zetu tupu. Akitaka kumpa kijana, ampe yeye. Ukikataa nitaelewa. Ulinipa niitunze, nami sikuitunza, na sina haki ya kukuomba tena kitu juu yake.

Habari nyingine ni ndogo. Sharif anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula halua kama ugali. Kezia anamsalimu Joyline, na amemwekea mtama wa kusaga. Msalimie binti yako Emmaculate na mumewe, na umwambie Cliff asikate nywele kama vijana wa huko kabla bibi zake hawajamwona. Mungu azilinde safari zenu na aulainishe mguu wako, ili njia ya kutoka barabarani hadi kwa Mwalimu usiione ndefu. Ni mwendo wa robo saa, na njiani kuna kilima kimoja.

Mimi nitakuwa nikitazama njia ya kurudi. Labda wakimwona kijana watatusindikiza.

Nduguyo anayekupenda na kukukosea,

Nicodemus